Sarufi ya Kiingereza kwa Wapishi wa Rahaleo

Walimu wenzangu wa idara ya lugha, siku ile mliyoniaga, baada ya pilau na hotuba ya mkuu wa shule ambayo haikuwa na nukta, mliniomba niwaandikie lolote kuhusu miaka yangu ya kufundisha Kiingereza hapa Mtwara. Nimekaa barazani kwangu Rahaleo. Chai ipo, miwani ipo, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima sina daftari la mtu la kusahihisha. Habari za kupanda cheo nitaziruka, maana sikupanda sana, na hata nilipopanda hapakuwa na la kusimulia. Nianzie darasani.

Nilikuja kutoka Songea na sanduku la bati, cheti kipya cha ualimu, na imani thabiti kwamba Kiingereza huanza kwa nomino. Siku ya kwanza, kidato cha kwanza walisimama hata kabla sijauvuka mlango.

"Good morning madam we are fine thank you and you?"

Walisema yote kwa pumzi moja, pamoja na jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Nilipowauliza sasa "How are you?" walitazamana kwa wasiwasi. Jibu walikwisha kulitumia.

Nikaandika ubaoni kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, nikaomba mfano. Msichana mmoja aitwaye Mwanahawa akasimama.

"Madam, jembe ni nomino?"

"Ni nomino."

"Na nikilima nalo?"

"Bado ni nomino. Kulima ndiko kitenzi."

"Na likivunjika mpini?"

"Nomino."

Akakaa, akamwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Bora kuwa nomino. Kazi zote anafanya kitenzi." Nimesoma vitabu vingi vya sarufi tangu siku ile, na sijaona maelezo yaliyonikaa zaidi ya hayo.

Si muda mrefu wakanipa jina. Niliitwa Madam Patisipo, kwa sababu ya "past participle", lile umbo la tatu la kitenzi ambalo niliwakazania sana. Niliona hawalikariri, nikawatungia wimbo: "go, went, gone, eat, ate, eaten, break, broke, broken." Wimbo ulishika kuliko nilivyokusudia. Msimu wa korosho ulipofika, mzee mmoja alikuja shuleni kutoka kijijini, kofia mkononi, akaomba kuniona faragha.

"Mwalimu, binti yangu akikaa kubangua korosho anatamka maneno. Kila korosho na neno lake, matatu matatu. Mama yake anasema huenda ni majini."

"Si majini, mzee wangu. Ni vitenzi visivyofuata kanuni."

Akainamisha kichwa. "Hicho ndicho tulichokihofia," akasema.

Aliyenifundisha kufundisha hakuwa mkufunzi wa chuoni. Alikuwa Mwalimu Chitanda, mkuu wa idara, Mmakonde wa Newala, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata katika joto la Januari. Alinisikiliza nikifundisha siku moja, nikitaja istilahi moja baada ya nyingine, kisha akaniita chumba cha walimu.

"Leokadia, umewatajia majina ya watu ambao hawajaletwa. Wanafunzi wamekaa wanangojea wageni."

"Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Walete kwanza. Majina baadaye."

Kesho yake alinikaribisha darasani kwake. Alikuwa anafundisha vihusishi, yale maneno madogo ya mahali: "in", "on", "under". Hakuandika kitu. Alipanda juu ya meza na viatu vyake, darasa zima likapiga kelele "On!" Akashuka, akainama, akajipenyeza chini ya meza. "Under!" Akiwa bado kule chini, suruali imekunjamana na goti moja nje, mlango ukafunguka. Akaingia mkaguzi wa shule, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi, na nyuma yake mkuu wa shule aliyebadilika rangi.

Mwalimu Chitanda hakutoka.

"Sir," akasema kutoka uvunguni, "I am under the table. Where are you?"

Mkaguzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Macho ya watoto wote yalikuwa juu yake.

"I am… at the door," akasema.

"At!" darasa likaitikia kwa furaha, maana hicho kilikuwa kihusishi kipya.

Mkaguzi yule alimaliza kipindi akiwa amesimama kati ya madawati mawili na mkoba kichwani, anatumika kama mfano. Ripoti yake sikuisoma, lakini alipoondoka aliaga kwa kusema anatoka "out of" darasani, tukajua somo lilimwingia.

Sitawasimulia kila mwaka. Kila kundi lilikuja na ugonjwa wake, na ugonjwa mmoja walikuja nao wote: yeye. Kwetu baba ni yeye, mama ni yeye, na hakuna aliyewahi kupotea. Kiingereza kinataka "he" kwa mwanaume na "she" kwa mwanamke, na watoto wetu, kwa kuogopa kukosea, humpa kila mtu "he". Nimesoma insha nyingi za shangazi mwenye ndevu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba "my mother he gave birth to me", na mimi nikaweka alama nyekundu, kisha nikakaa muda nikimfikiria huyo baba.

Sasa niwape kesi iliyonisumbua kuliko zote. Haikuwa ya wanafunzi wa shule.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Habari zilifika Rahaleo kwamba kambi moja ya wafanyakazi wa gesi, upande wa Mnazi Bay, inatafuta wapishi, wanawake wanakaribishwa, sharti wajue Kiingereza cha kuelewana. Jirani zangu wawili wakanijia jioni hiyo hiyo. Mmoja alikuwa Somoe, mjane, muuza pweza na mihogo ya kukaanga karibu na kona yetu. Mvua ikinyesha hakuuza, na mwaka ule ilinyesha kama imetumwa. Wa pili alikuwa Mama Anjela, aliyekuja Mtwara kumfuata mume wake, mpakuaji mizigo bandarini. Mume aliumia mgongo, sasa alikuwa mtu wa kulala na kugeuzwa. Wanawake hao walikuwa na shida moja na tabia mbili tofauti kabisa. Mama Anjela aliongea kidogo na kukumbuka vyote. Somoe aliongea vyote.

"Mwalimu," Somoe akasema, "tupe Kiingereza. Kisiwe kingi. Cha jikoni tu."

Nikawakubalia. Tulikutana darasani kwangu baada ya alasiri, na wanawake wengine wachache wakajiunga kisha wakajitoa mmoja mmoja. Somo la kwanza nikaanza na ule ugonjwa.

"'He' ni mwanaume, 'she' ni mwanamke."

"Kwani Wazungu hawaoni?" Somoe akauliza. "Ntu kasimama mbele yao, mpaka waambiane huyu nke, huyu nnume?"

"Wanamsema mtu ambaye hayupo hapo."

"Ahaa. Kumbe ni lugha ya umbea. Endelea."

"Halafu kuna 'it'. Hiyo ni kwa kitu au mnyama. Na mara nyingine mtoto mchanga."

Somoe akaweka kalamu chini. "Astaghfirullah. Ntoto na sufuria neno moja?"

"Andika tu, dada," Mama Anjela akanong'ona. "Huyo mtoto tutamwonea huruma baadaye."

Nyakati za kitenzi hazikuwashinda kama nilivyoogopa, kwa sababu niliwaonyesha kwamba tunazo wenyewe. Sisi tunauficha wakati tumboni mwa kitenzi: nilipika, ninapika, nitapika, nimepika. Kiingereza kinauning'iniza mkiani, au kinamtuma msaidizi atangulie. Kitenzi kisaidizi "do" ndicho kilichotutoa jasho. Kwa nini useme "she cooks", lakini ukiuliza useme "does she cook", ile "s" ya mwisho imekwenda wapi?

"'S' ni moja tu," nikawaambia. "'Does' akiichukua, 'cook' anabaki mikono mitupu."

"Kama nke mwenza na khanga," Somoe akasema, na tangu siku hiyo hakukosea.

Ili wasilale usingizi niliwawekea mchezo. Kila kipindi nilianza kwa kuwarushia sentensi, na wa kwanza kutaja wakati wake ndiye mshindi. "She was frying fish!" Nao: "Past continuous tense!" "I will wash the pots!" "Future!" Mama Anjela alikuwa hatari. Sentensi ilikuwa haijagusa chini ameshaitaja. Mwalimu Chitanda angekuwepo angenikoholea tu pembeni, lakini alikwisha kustaafu na kurudi Newala, na mimi nilikuwa na mwanafunzi anayeitambua "present perfect" gizani. Mwalimu gani angeacha?

Siku ya usaili niliwasindikiza. Ofisi ilikuwa kontena lenye dirisha, na chini ya dirisha palikuwa na benchi. Ndani walikaa watu wawili: ofisa wa Kitanzania, kijana mwenye tai, na Mzungu msimamizi wa kambi, mtu wa nchi ambayo Kiingereza nacho alikikuta ukubwani kama sisi. Kuta za kontena ni bati. Kila neno lilitoka.

Mama Anjela ndiye aliyeitwa kwanza. Nilimwona anavyojifunga kilemba upya, mara mbili. Mzungu akamsalimia vizuri, kisha akamuuliza kama amewahi kufanya kazi jikoni.

"Have you worked in a kitchen before?"

Kisha nikaisikia sauti ya mwanafunzi wangu bora, kubwa na wazi:

"Present perfect tense!"

Somoe akanishika mkono.

"Sorry?" Mzungu akasema.

"Subject, you. Helping verb, have."

Ofisa akakohoa. Mzungu akajaribu swali jepesi zaidi. "Do you have children?"

"Simple present! Question!"

"Mama," ofisa akasema kwa Kiswahili, na nilisikia kicheko kimejaa kooni kwake, "anakuuliza una watoto?"

Hakujibu tena, kwa lugha yoyote. Alipotoka alikuwa kama mtu aliyenyeshewa. Alikaa mwisho wa benchi, akaufunika uso kwa khanga. Mimi sikuzama ardhini kwa sababu pale chini pameshindiliwa kokoto.

Somoe akaitwa. Kuingia kwake mpaka kontena lililia.

"What can you cook?"

"Fish! Rice! Octopus! Cassava! I cook very nice. I cook many men. Tomorrow, I cook you!"

Ndani wakaanguka. Mzungu alicheka mpaka kiti kikasogea, ofisa akawa anapiga meza. Yule mama alikuwa amewaahidi kwamba kesho atamtia Mzungu sufuriani. Nikanyanyuka pale benchini, mdomo kwenye dirisha, nikasahau heshima yangu yote.

"For!" nikamwambia. "Somoe, kihusishi! For!"

"For!" Somoe akapokea. "I cook FOR you! For, for! Msinicheke!"

"You are funny, mama," Mzungu akasema akifuta macho. "Very good. You and me, we understand. The other lady…" Hakumaliza. Alipeperusha mkono, kama anayefukuza kitu chepesi.

Halafu mlango ukafunguka, Somoe akatoka mbio, akamshika Mama Anjela mkono na kumvuta mpaka ndani. Niliona yote dirishani. Alimsimamisha mbele ya meza, akamwekea mkono begani, na Kiingereza kikamtoka polepole, kila neno limechaguliwa kama mtu anayechambua mchele.

"She," akasema. "She cooks. She cooks better than me. She is not stupid. She is afraid. Her husband is sick, his back is broken. You ask slowly."

Hakukosea popote. "She" kwa mke, "her" kwa mke, "his" kwa mume, hata lile umbo la tatu, "broken", lilikuwa mahali pake. Nilijikuta ninalia na kusahihisha kwa wakati mmoja, na kalamu nyekundu haikupata pa kugusa.

Mzungu aliacha kucheka. Akavuta kiti, akamwelekeza Mama Anjela aketi, akauliza tena, polepole. "Do you… have children?"

"I have two children," Mama Anjela akajibu. Kisha, kwa sauti ya chini, "Thank you."

Wakawapeleka wote wawili jikoni siku ile ile, wakawapa samaki na moto. Baadaye ofisa akaja kwenye benchi na majibu. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Mpishi mkuu amemchagua Mama Anjela: mikono yake ni safi, anapima chumvi, anasoma maandishi ya kwenye makopo bila kuuliza mtu.

Tulirudi mjini kwa daladala, mpaka tukayaona mapaa ya Rahaleo. Ndipo Mama Anjela akasema, "Siichukui. Nafasi ni yako, dada. Wewe ndiye uliyezungumza."

"Ukiikataa hutanisikia tena mlangoni kwako," Somoe akajibu, macho nje. "Mgongo wa nnume wako utapona kwa aibu yako? Nenda kapike."

Akaenda kupika. Somoe akarudi kwenye kona yake na karai lake. Nilipita pale siku za mwanzo, nikinunua mihogo nisiyoihitaji. Hakuninunia. Siku moja ya mvua aliniita chini ya turubai.

"Mwalimu, nina shida. Mama Anjela kawaambia watu wa kambini kwamba pweza wa kweli yuko kwangu. Sasa Ijumaa wanakuja, kundi zima, na lugha zao. Nipe somo."

"Somo gani? Nyakati?"

"Achana na nyakati. Lile la kuamrisha."

Hilo linaitwa hali ya amri, walimu wenzangu, na ndilo dogo kuliko yote katika sarufi ya Kiingereza. Kitenzi kinasimama peke yake. Hakina "he" wala "she", hakina msaidizi, hakina mkia. Tulilimaliza pale pale, muhogo haujageuzwa: "Sit. Wait. Eat. Pay. Come again." Somoe aliyarudia akiwa ameshika mwiko, akapendezwa sana.

"Miezi yote ile unanizungusha na 'has been'," akasema, "kumbe haya ulikuwa nayo?"

Turubai moja likawa mawili, kisha bati. Meza zikaongezeka, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne walipita pale jioni kujaribu Kiingereza chao kwa wageni. Nadhani walijifunza zaidi pale kuliko kwangu. Nikiwa na kipindi kigumu cha vihusishi niliwapeleka kabisa, kwa ruhusa ya mkuu: pweza yuko "in" karai, karai liko "on" moto, paka yuko "under" meza, na bili iko kwa Madam. Sikieni ushauri huo mmoja, kama mlikuwa mnaungojea.

Juzi, siku chache baada ya ninyi kuniaga, nilikwenda kula pale kama raia wa kawaida. Mama Anjela alikuwa likizo, amekaa mezani na mume wake, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na kulalamika kwamba pilipili ni kidogo. Meza ya pembeni alikaa yule Mzungu msimamizi, mvi zimeongezeka, sahani ya pili mbele yake. Alimwinulia Somoe kidole gumba.

"Mama, yesterday I eat here, today I eat here, tomorrow I eat here!"

Somoe akanisogelea na karai mkononi, akainama sikioni.

"Mwalimu, ile ya 'yesterday'. Si amekosea?"

"Amekosea. Alitakiwa aseme 'ate'."

"Nimsahihishe?"

Miaka yote hiyo ya kalamu nyekundu ikaniwasha vidoleni. Nilimtazama yule mtu, mchuzi kidevuni, ana furaha ya mtoto.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Somoe akafikiri kidogo. Akageuka, akamwekea kipande kingine kikubwa cha mkono wa pweza juu ya sahani, akamkazia macho.

"Eat," akamwambia.